Sifa za Redio Isiyoijua Kizota

Mwenye Toyota IST anazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka, na kabla injini haijatulia anasikia sauti ya mwanamke, laini na yenye heshima, ikizungumza Kijapani. Ujumbe wake haubadiliki: kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Aliusema jana na kesho atausema tena. Hajawahi kujibiwa, hajawahi kupandisha sauti, wala hakuna aliyemwambia kwamba barabara ya Dodoma kwenda Singida hailipiwi.

Yeye na jirani yake, ile skrini yenye ramani ya Japani iliyokaa katikati ya dashibodi, hawana mtetezi nchini. Vijiweni wanaitwa mzigo. Dalali anayetangaza gari hutaja rimu, viti na kilomita, kisha akifika kwenye redio anapita haraka. Fundi akiulizwa gari lililotoka bandarini lianze kufanyiwa nini, hujibu bila kufikiri: toa hiyo, weka Android. Kitu kinachosemwa vibaya na watu wote hao, na bado kimekalia nafasi yake kwenye magari mengi namna ile, lazima kina mema yake. Haki inataka yasemwe.

Kwanza ukoo, maana anayesifiwa husifiwa kuanzia kwa babu. Mwaka 1981 Honda ilitoa Electro Gyrocator, chombo cha kumwongoza dereva kisichotegemea setelaiti hata moja. Ndani yake mlikuwa na jairo ya gesi iliyohisi gari linapopinda, na dereva alichomeka karatasi ya ramani inayopenya mwanga mbele ya skrini ndogo ili aone alipofika. Mwaka 1990 Mazda ikaitoa Eunos Cosmo ikiwa na mfumo wa GPS uliofungwa kiwandani. Mei 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani akaamuru uondolewe upotoshaji uliokuwa umetiwa makusudi kwenye mawimbi ya GPS ya raia, na gari lililokuwa likijua lilipo kwa kukosea hata mita mia likaanza kukosea mita kumi na kitu tu. Skrini inayodharauliwa Kizota ni mjukuu wa ukoo huo. Wengi wanaoidharau hawana babu wa kulinganisha naye.

Baada ya ukoo, ukweli.

Kizota iko magharibi mwa Jiji la Dodoma, kwenye barabara ya Singida, upande wa viwanda na wa maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Gari likisimama hapo, kipokezi cha GPS ndani ya redio hunasa setelaiti zinazozunguka zaidi ya kilomita 20,000 juu ya ardhi. Kikipata nne kinapiga hesabu, na kinajua bila wasiwasi kwamba kiko nyuzi 6 na ushei kusini mwa ikweta, nyuzi 35 na ushei mashariki. Kisha kinageukia ramani yake. Ramani ina vichochoro vya Osaka na vituo vya mafuta vya Nagoya; ya Afrika haina hata njia ya miguu. Chombo kisicho na adabu kingebuni barabara. Hiki kinachora mshale wa gari katikati ya uwanja mtupu na kunyamaza.

Dereva wa Dodoma anajua thamani ya ukimya huo. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia kweli, mwaka 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji, na barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, ikachorwa kupita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, kukiwemo kwingi kulikokuwa mashamba. Vibao vya mitaa na namba za nyumba vilimiminika kwenye operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Ramani ya simu ambayo habari hizo zimeichelewa inaweza kumpeleka mtu korongoni kwa sauti ya kujiamini kabisa. Skrini ya Kijapani haijawahi kumpoteza mtu Dodoma, kwa sababu haijawahi kumwelekeza mtu Dodoma, na rekodi hiyo hakuna programu inayoweza kuivunja. Mwenye nayo hushusha kioo.

“Samahani kaka, maghala ya hifadhi ya chakula ni wapi?”

“Umeshayapita, bosi. Geuza.”

Lakini sifa kubwa kuliko zote iko pembeni mwa skrini, kwenye saa. Redio nyingi za aina hii huchukua majira kutoka setelaiti, huyageuza kuwa majira ya Japani, na mwenye gari hapewi pa kuyabadilisha. Watu hulalamika kwamba saa ni mbovu. Wangeitazama vizuri wangeiomba radhi. Japani iko mbele ya Tanzania kwa saa 6 kamili, na Mswahili anayehesabu saa zake kuanzia macheo naye yuko mbali na saa ya Kizungu kwa saa 6 kamili. Saa ya mkononi ikiwa 7:00 asubuhi Dodoma, Tokyo ni 1:00 mchana, na skrini ya mfumo wa saa 12 inaandika 1:00. Saa moja! Adhuhuri inaandika 6:00. Ofisi za Serikali zikifungua inaandika 1:30, zikifunga inaandika 9:30, sawasawa na anavyosema mlinzi wa getini. Waswisi wametengeneza saa kwa karne nyingi na hawakuwahi kumfikiria Mswahili kiasi hicho. Kiwanda cha Japani kimemtengenezea saa yake bila kuombwa, na kuifunga kwenye gari bure. Herufi za PM zikitokea pembeni asubuhi, zifunikwe kwa kipande cha selotepu.

Ukarimu wa vyombo hivi hufika hata kwenye miaka. Tarehe 1 Januari 2022, Marekani na kwingineko, magari ya Honda yaliyotengenezwa kati ya 2004 na 2012 yaliamka saa zao zikisoma mwaka 2002. Mshukiwa mkuu alikuwa hesabu ya majuma ya GPS, ambayo hufika 1,024 kisha huanza upya, kila baada ya karibu miaka 20. Kwa Mtanzania anayelipa ushuru wa uchakavu, gari linalorudi nyuma miaka 20 kwa hiari yake si gari la kubezwa.

Upande wa redio yenyewe ndiko kwenye matusi mengi, na ndiko pia aliko shujaa asiyetajwa. Redio ya FM ya Japani ilijengwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na za karibuni hufika 95. Vituo vya Tanzania viko kati ya 87.5 na 108. Kwenye redio inayoishia 90, nchi hizo mbili hukutana kwenye kipande cha megahezi mbili na nusu tu, na ndani ya kipande hicho hujibana vile vijitransmita vya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari ili muziki wa simu usikike. Mwenye gari akitaka taarifa ya habari iliyoko juu ya hapo anapata mvumo mtupu.

Dawa yake ni ekspanda: kisanduku kidogo cha chuma au plastiki, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kinachokaa kati ya antena na redio na kuyashusha mawimbi ya huku mpaka redio iyaone ni ya kwao. Kinafungwa kwa muda mfupi. Fundi anapenyeza kibanzi cha plastiki kwenye ukingo wa fremu ya dashibodi, vishikizo vinaachia kwa mlio unaomfanya mwenye gari akunje uso, kisha bolti nne zinafunguliwa kwa spana namba 10. Redio inavutwa mbele, nyuma yake kuna mkia wa nyaya na vumbi la safari zote. Waya wa antena unachomolewa kwenye redio na kuchomekwa kwenye kisanduku. Mkia wa kisanduku unachomekwa kwenye redio. Waya mweusi unakwenda kwenye bodi.

Waya mwekundu ndio unaomtofautisha fundi na mwenye bisibisi. Nyuma ya redio nyingi za Toyota, waya wa kijivu hupata umeme ufunguo ukizungushwa tu, na ule wa bluu wenye mstari wa njano una umeme usiku na mchana. Fundi mwenye subira anatafuta wa kijivu kwa taa ya kupimia. Mwenye haraka anaunga kwenye ule wa kwanza uliowasha taa. Gari linaondoka likiimba, na kisanduku kinaendelea kufanya kazi limelala, kikinywa betri kwa kijiko mpaka siku mwenye gari atakaporudi safari na kukuta starta inakohoa. Atailaumu betri.

Sasa elimu. Ekspanda ya megahezi 14 hukifanya kituo cha 98.4 kionekane 84.4, na cha 92.3 kionekane 78.3. Familia yenye gari hilo haisemi namba ya kituo ilivyotangazwa. Mtoto aliyeko kiti cha nyuma anatoa 14 kichwani na kumtajia baba jibu. Tena mkanda wa Japani wa 76 hadi 90 una upana wa megahezi 14, wa Tanzania 20 na nusu, kwa hiyo wote hauingii. Anayeshusha 14 anapata vituo vya 90 hadi 104 na kuagana na vilivyo juu yake. Anayeshusha 18 anapata 94 hadi 108 na kuwapoteza wa chini. Ni redio gani nyingine inayomlazimisha mtu akae chini na mkewe waamue, kabla ya kufunga dashibodi, wanaweza kuishi bila vituo gani?

Kwa uaminifu nako haina mpinzani. Aina kadhaa za redio za Toyota huweka ramani, pamoja na programu inayoiendesha redio yenyewe, kwenye kadi ya SD. Umeme ukikatika, kwa kubadilisha betri tu, redio inaidai kadi ile ile. Mara nyingi kadi ilibaki Japani kwa mwenyewe wa kwanza. Redio haikubali kadi nyingine, haikubali kubembelezwa, inagoma na maandishi ya Kijapani mpaka dunia iishe. Nyingine hudai kodi: mwenye gari ananakili namba ndefu iliyoko kwenye skrini, anamtumia muuza kodi wa mtandaoni, analipa, anatumiwa namba nyingine. Wako wanaoona huo ni usumbufu. Lakini mtumishi anayemkataa tajiri mpya kwa sababu hajapewa ruhusa na wa zamani angesifiwa mahali pengine popote.

Televisheni yake nayo hulinda maisha. Japani hurusha matangazo ya dijitali kwa mfumo wake, na Tanzania, iliyoanza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ilichagua mfumo wa Ulaya. Skrini haipati kitu, na dereva anatazama barabara. Kwa filamu za diski, kiwanda kilikata picha gari likitembea. Fundi anayeunga waya wa breki ya mkono kwenye bodi ili picha irudi ndiye aliyeharibu kazi nzuri.

Na huyo Android anayepigiwa debe? Anajua kila kitu: njia, foleni, video, nyimbo, nani amepiga simu. Anadai bando kama mtoto anayedai pipi. Kumweka kunataka fremu mpya na soketi mpya, na kunataka fundi anayekumbuka kwamba kamera ya nyuma ya kiwandani kwenye Toyota nyingi hutumia volti 6 ilhali redio mpya hutoa 12. Asipoweka kipunguza umeme, kamera inaungua siku hiyo hiyo, na mwenye gari anarudi nyuma kwa kupigiwa kelele na watoto wa jirani. Akishafungwa, saa yake inasoma 7:00 ilhali kila mtu mtaani anasema saa moja.

Basi anayesubiri gari lake bandarini asikimbilie kung’oa. Amwulize muuzaji habari za kadi ya SD kabla hajamaliza kulipa, maana baada ya hapo hakuna atakayeikumbuka. Asiruhusu betri ichomolewe kabla hajajua redio yake ni ya kadi au ya kodi. Akifunga ekspanda achague kwanza vituo vyake, kisha asimame pale pale aone waya mwekundu umeungwa kwenye wa kijivu. Yule mama wa kadi ya barabara akimchosha, kifaa chake kinaweza kuchomolewa peke yake bila kuigusa redio. Saa iachwe ilivyo.