Kero Nane za Gemu za DOS, Zilizopangwa kwa Vikombe vya Chai Vilivyopoa

Tuwekane sawa kwanza. Wewe unayecheza gemu za DOS ndani ya DOSBox kwenye laptopu mpya, karibu usome, ila kura huna. Orodha hii ni ya sisi wenye mashine yenyewe: 386 au 486, boksi lililogeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, feni inayonguruma kama mashine ya kusaga. Kipimo chetu ni cha kisayansi kabisa: chai ngapi zimepoa mezani kabla gemu haijawaka. Tunaanza na kero ndogo, tunapanda. Kubisha ruksa.

8. Kibodi haipo, bonyeza F1

Unawasha, skrini inakwambia kibodi haionekani, halafu inakuomba ubonyeze F1 uendelee. Nibonyeze kwenye nini, shemeji? Mara nyingi ni plagi tu imelegea. Zima mashine kwanza ndipo uichomeke, maana bodi nyingi zina kifyuzi kidogo pale na hakipendi utani. Chai: bado ya moto. Kero hii imeingia kwenye orodha kwa kipaji chake cha uchekeshaji tu.

7. Gemu inayodai kitambulisho

The Secret of Monkey Island ya 1990 ilikuja na gurudumu la karatasi: unazungusha nusu ya uso wa haramia mpaka ukutane na nusu nyingine, unasoma mwaka, unaujaza, unaruhusiwa kupita. Prince of Persia nayo inakuambia ufungue kijitabu ukurasa fulani, mstari fulani, utafute herufi, kisha unywe chupa yenye herufi hiyo. Ukibahatisha, unakunywa sumu. Hii haikuwa hitilafu, ni ulinzi dhidi ya wanaonakili. Lakini kijitabu kililiwa na mchwa miaka hiyo, kwa hiyo leo mwenye gemu halali na mwizi wanasota foleni moja. Chai: kikombe kimoja, cha uchungu.

6. Flopi iliyosahau

Krrr, krrr, kimya. Skrini inauliza "Abort, Retry, Fail?" na wewe unachagua Retry mara kumi na nne, kama mtu anayempigia simu anayemdai. Kichwa cha kusomea kikiwa kichafu, pamba na spiriti isiyo na rangi vitakisafisha. Ukiona madoa kwenye diski yenyewe, hasa kama ilikaa nyumba yenye unyevu wa bahari, ni ukungu. Usiiingize hata kidogo, itaambukiza kiendeshi, na kiendeshi kitaambukiza ukoo mzima wa flopi zako.

Ila kisa ninachokipenda ni cha zile kubwa za inchi 5.25. Diski ya 360 KB ukiiandika upya kwenye kiendeshi cha 1.2 MB, inaweza kukataliwa nyumbani kwake, kwenye kiendeshi cha 360 KB. Kiendeshi kipya kina kichwa chembamba, kinachora mstari mwembamba juu ya mstari mpana wa zamani, na cha zamani kinasoma yote miwili kwa pamoja. Ni kama kwenda mjini wiki moja ukarudi na lafudhi. Chai: kikombe na nusu.

5. Mwendo kasi

Wing Commander, ya 1990 pia, ilitungwa kama basi lisilo na kidhibiti mwendo: linakwenda kadiri injini inavyoruhusu. Kwenye 386 ni vita vya angani. Kwenye Pentium unakufa kabla hujapepesa. Hapo ndipo inapoingia kitufe cha Turbo, chombo pekee kilichopewa jina kwa kazi ambayo hakuna anayekihitajia: watu wanakibonyeza ili mashine ipunguze mwendo. Kama huna, ingia BIOS uzime kashe ya prosesa. 486 itatembea kama mzee anayerudi sokoni.

Na ile namba nyekundu inayong'aa mbele ya boksi, 66 ikishuka kuwa 33? Haipimi chochote. Fundi alizipanga tarakimu zile kwa vijampa nyuma ya kioo. Angetaka, ingeandika 99. Mimi yangu nimeipanga isome 07, kwa unyenyekevu. Chai: vikombe viwili.

4. Runtime error 200

Najua kuna watu watasema hii ilistahili tatu bora. Labda. Gemu nyingi za wapenzi, zile zilizoandikwa chumbani kwa Turbo Pascal, zikiwaka zinajipima kwanza: mashine inahesabu inaweza kuzunguka mara ngapi ndani ya milisekunde 55, kisha inagawanya hesabu hiyo kwa 55. Prosesa zilipofika karibu na MHz 200, jibu likawa kubwa kuliko nafasi yake ya biti 16. Mashine ikaanguka. Na kosa namba 200 maana yake ni nini? Kugawanya kwa sifuri.

Rudia hapo. Imegawanya kwa 55, imelia imegawanya kwa sifuri, na sababu ni kwamba ina nguvu nyingi mno. Dawa ipo, ni viraka vidogo vya kuitibu programu. Chai: vikombe viwili, na kingine nilikimwaga nikicheka.

3. Betri inayokula nyumba

Hapa utani unapungua kidogo. Bodi nyingi za 386 na 486 zina betri ya pipa ya nikeli, imelehemiwa moja kwa moja. Ikizeeka inavuja, na ule ute unatafuna njia za shaba, mara nyingi karibu na chipu ya kibodi. Sasa rudi namba 8 uone kama bado unacheka. Ikate leo, hata kama mashine inafanya kazi. Safisha kwa siki kidogo, kisha spiriti, kausha.

Wenye chipu ya saa ya Dallas DS1287 wana balaa la kistaarabu zaidi: betri imezikwa ndani ya chipu, iliahidiwa miaka kumi, na miaka hiyo imepita zamani. Watu wanaikwangua mgongo, wanalehemu kifuko cha betri ya saa juu yake. Inaonekana kama ng'ombe aliyebebeshwa redio, lakini inakumbuka tarehe. Bila hivyo, kila ukiwasha unaandika upya idadi ya silinda, vichwa na sekta za diski ngumu. Chai: birika.

2. Sauti inayogombana na printa

Sound Blaster ya kwanza, ya 1989, ilitoka kiwandani ikitumia IRQ 7. Printa nayo, kwa desturi, ni IRQ 7. IRQ ni kengele ambayo kifaa kinaipiga kumwita prosesa. Hapa kengele moja, nyumba mbili. Dalili zake ni gemu kurudia nusu sekunde ya mlipuko mpaka majirani waje. Kadi nyingi za baadaye zikahamia 5, na mstari huu kwenye AUTOEXEC.BAT ukawa dua ya kila asubuhi:

SET BLASTER=A220 I5 D1

Namba zifanane na vijampa vya kadi, siyo na matumaini yako. Niliwahi kuhangaika jioni nzima, nikabadilisha kila namba, nikatoa printa, nikatoa kadi. Kumbe kadi ina gurudumu dogo la sauti kwa nyuma, na lilikuwa sifuri. Chai: sitasema.

1. Kilobaiti 640

Mfalme. Mashine ina megabaiti 8, gemu inasema kumbukumbu haitoshi. Prosesa ya IBM PC ya 1981 iliweza kufikia megabaiti moja. Kilobaiti 384 za juu zikatengewa skrini na ROM, programu zikabaki na 640, na DOS na madereva wake wamekaa humo humo. Kwa hiyo unaanza kuhamisha watu: HIMEM.SYS, DOS=HIGH,UMB, EMM386, LH mbele ya mausi. MS-DOS 6 ya 1993 ilileta MEMMAKER ikufanyie, nami naiamini kama dalali.

Sasa sikiliza vituko. Wing Commander inafurahia EMS, kumbukumbu ya ziada anayoigawa EMM386. Ukiipa, unauona mkono wa rubani ukisogeza usukani. Ultima VII ya 1992 haitaki hata kusikia jina la EMM386. Zote mbili ni za Origin. Mama mmoja, ndugu wawili hawali sahani moja, na wewe unatengeneza menyu ya kuwashia kwa kila mmoja.

Juzi nilifaulu. Nilimfukuza dereva wa CD, nikafuta EMM386, Ultima VII ikawaka, muziki ukapiga. Nikafika kwa meya wa Trinsic, naye kabla ya kunipa nenosiri la geti la mji akaniuliza swali ambalo jibu lake liko kwenye ramani ya kitambaa iliyokuja na boksi.

Turudi namba 7.