Jinsi ya Kukwama kwa Heshima

Umenunua Land Cruiser. Hongera. Marafiki wameipiga picha ikiwa imeegeshwa baa. Sasa wanataka kuiona Ziwa Natron. Kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka utapata vumbi, mawe, mchanga na makorongo. Fuata hatua hizi, na kabla jua halijazama utakuwa gumzo la kijiji.

1. Upepo. Dereva mzoefu akikushauri ushushe upepo hadi pauni 18 hivi kwenye mchanga mzito, mcheke. Tairi lililolegea hukanyaga eneo pana na kupita juujuu. Wewe baki na 40, tairi lichimbe. Likianza kuzama, ongeza mafuta mpaka ekseli ikae chini kwa starehe. Na kama uliushusha, usiujaze ukirudi kwenye lami. Tairi litapata moto na kupasuka, ndiyo sherehe yenyewe.

2. Fowili. Usiiweke mapema, watu watadhani unaogopa. Zama kwanza, kisha uliza swichi iko wapi.

3. Korongo. Hapa jua linawaka, lakini juu milimani mvua imenyesha na maji mekundu yanapita kwa kishindo. Usishuke, usiulize kina. Wale madereva wa watalii walioegesha ng'ambo wakipiga soga ni waoga, ingawa njia hii wanaipita kila wiki. Ingia kwa kasi, maji yapande boneti. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni itagundua kwamba maji hayabanwi, na vyuma vya ndani vitapinda. Fundi wako atamaliza kujenga nyumba yake.

4. Udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi ni mgumu na umejaa nyufa. Ukinyeshewa hunywa maji, huvimba na kuziba meno yote ya tairi. Wenyeji hungoja ukauke. Wewe una fowili. Kwa nini ungoje?

5. Mlima. Kuta za Ngorongoro zina urefu wa mita 600 hivi, na magari ya fowili tu ndiyo yanayoruhusiwa kushuka kreta. Gia namba moja kwenye low huifanya injini ilishike gari. Achana nayo: kanyaga breki njia nzima mpaka zinuke na zikatae kazi. Kilima kingine kikikushinda katikati, usirudi kinyumenyume kwa mstari ulionyooka. Kata kona hapohapo, gari lilale ubavu.

6. Kuvutwa. Funga kamba kwenye kile kichwa cha duara cha kukokotea tela, kisha waite watoto wasogee waone.

Hapana. Hii usiijaribu hata kwa utani. Kile chuma hakikutengenezwa kwa mvuto wa ghafla. Kikikatika huruka kama risasi, na kimeshaua watu. Funga kamba kwenye ndoano iliyoshikamana na chasisi, na kila mtu akae mbali kuliko urefu wa kamba hiyo.

Zile hatua tano nyingine zigeuze kichwa chini miguu juu, funga mkanda, na kila unapotia shaka shuka ukaikague njia kwa macho. Maji ya korongo mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Kaa na wale waoga, piga nao soga, ungoje.