Jiko Lisilouzwa

Sokoni Arua nilikuta majiko mawili ya kuni yamekaa ubavu kwa ubavu. Jipya lilikuwa na bati linalong'aa, na muuzaji aliapa kuwa linakula nusu ya kuni. La mtumba lilitoka kambi za wakimbizi. Kauri yake ilikuwa na ufa unaopitisha ncha ya kisu, na ubavuni bado lilikuwa limeandikwa kwamba haliuzwi. Hilo ndilo nililouziwa.

"Kaka, hilo lishapasuka," alinituliza muuzaji. "Jipya bado litakupasukia."

Kwa hoja kama hiyo, angekwenda bungeni.

Nikalibeba hadi Koboko, zaidi ya kilomita 50, pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana kama mafiga. Nikaziba ufa kwa udongo wa kichuguu na majivu. Shangazi, ambaye mafiga yake matatu hayajawahi kudai fundi, alinitazama nikipuliza mpaka machozi yakanitoka.

"Mwanangu, kuni zako mbichi," alisema, akisonga ugali wake wa muhogo.

Kuni nimezianika. Jiko, kwa sasa, analitagia kuku wa shangazi.