Namna ya Kumlilia Mohammed Rafi Bila Kujua Kihindi

Kesho umepangiwa familia ya Kihindi kwenda Ngorongoro: babu, bibi, watoto wao wawili na wajukuu wenye simu kubwa. Babu atakaa mbele, karibu yako. Hana haja na simba, ameletwa tu. Wajukuu utawapata kwa faru, bibi utampata kwa kuendesha taratibu kwenye makorongo, lakini mwenye pochi ni babu, na babu hapatikani kwa mnyama. Anapatikana kwa mwimbaji wa filamu za Kihindi, Mohammed Rafi.

Usishtuke. Mwongozo huu ni wa dereva wa watalii, mhudumu wa loji, muuza vinyago wa Karatu, na yeyote asiyejua neno la Kihindi, asiye na muda wa kujifunza, ila anayetaka aonekane mtu wa maana. Yaani sisi sote.

1. Ondoa aibu

Najua unachowaza: huku si kudanganya? Ni kudanganya, tena sana. Lakini tazama unadanganya kwa kitu gani. Kwenye picha la Kihindi stelingi kazi yake ni kufumbua mdomo. Sauti imesharekodiwa studio na mtu mwingine, mpole, mwenye upara, ambaye ukipishana naye sokoni humgeukii. Shammi Kapoor anajirusha kwenye theluji katika Junglee ya 1961. Anayeimba ni Rafi. Dev Anand anawamaliza wasichana. Anayewabembeleza ni Rafi. Johnny Walker anatembeza masaji ya kichwa katika Pyaasa ya 1957. Rafi tena, na hapo hata sauti yenyewe imevaa uchekeshaji. Sifa yake kubwa ndiyo hiyo: alimsikiliza mwigizaji atakayefumbua mdomo, kisha akaimba kama yeye. Na ukitaka ushahidi wa mwisho, Kishore Kumar, mwimbaji mkubwa kwa haki yake, alisimama mbele ya kamera katika Ragini ya 1958, akafumbua mdomo, Rafi akamwimbia. Kishore hakuona haya. Wewe wa Rhotia unaona haya ya nini?

Na huku kwetu umetanguliwa. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, alichukua tuni za filamu za Kihindi akazivika maneno ya Kiswahili, na waliomsikiliza harusini hawakumdai risiti. Halafu kuna Kili Paul, kijana wa Kimasai aliyevaa shuka lake akafumbua mdomo kwenye nyimbo za Kihindi mpaka ubalozi wa India Dar es Salaam ukampa heshima na Waziri Mkuu Modi akamtaja redioni, yote hayo Februari 2022. Wageni watakuuliza kama unamfahamu. Yeye ni wa Mkoa wa Pwani, siku nzima ya basi kutoka hapa Karatu. Jibu: "Ni ndugu yetu." Hilo wala si uongo.

2. Shika majina

Usiseme "Rafi" kama unamwita kondakta. Sema Rafi Sahab. Lata Mangeshkar, mwimbaji mwenzake wa kike, ni Lata-ji, na ukitaka kupendwa na bibi, Lata Didi. Kishore ni Kishore Da. Babu mwenyewe mwite Ankal-ji, baada ya kumpa mkono kwa mikono miwili. Hatua hii inachukua dakika moja, na nusu ya kazi imekwisha.

3. Gawa maarifa kwa kilomita

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanasoma simu usiku kucha, asubuhi wanamwaga yote kabla ya Mto wa Mbu, na gari likifika Karatu hawana kitu. Wewe beba mambo matatu tu, na kila moja lina kituo chake.

La kwanza, la saluni, liseme kwenye mteremko wa Rhotia. Rafi alizaliwa Desemba 24, 1924, kijiji cha Kotla Sultan Singh, Punjab. Inasimuliwa kwamba alianza kuimba kwa kumwigiza fakiri aliyekuwa akipita kijijini. (Umeona? Naye alianza kwa kuigiza.) Familia ikahamia Lahore, ikafungua saluni ya kunyoa. Ukipita mbele ya vinyozi wa Karatu, nyoosha kidole, sema: "Ankal-ji, Rafi Sahab alitokea mahali kama pale." Usiongeze neno. Acha Bongo Fleva ya kinyozi ipite, na babu aivumilie.

La pili ni la msiba, nalo ni la getini Lodoare, wakati mwenzako anashughulikia vibali na abiria wako hawana pa kwenda. Rafi alifariki Julai 31, 1980, Bombay, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 55. Siku ya mazishi mvua ilinyesha, na watu wakajaa barabarani wakalowa hivyo hivyo. Lisimulie ukitazama chini. Kama na wewe umebarikiwa ukungu asubuhi hiyo, na kule juu ukungu hauna uhaba, tulia ufanye kazi nao.

La tatu ndilo la dhahabu. Lihifadhi mpaka ukingoni, pale magari yote yanaposimama na kreta nzima inalala chini, mita 600 hivi kwenda bondeni na kilomita zaidi ya 15 kutoka ukuta hadi ukuta. Wajukuu wanajipiga picha. Babu amesimama pembeni, sweta limekaza tumboni. Sogea, mwambie kwa sauti ya chini kwamba unaupenda ule wimbo wa ibada wa Baiju Bawra, filamu ya 1952, ule wa raga ya Malkauns. Litamke hilo neno mara moja tu: Malkauns. Kisha ongeza: ni wimbo wa kumwomba Mungu wa Kihindu, mashairi ameandika Shakeel Badayuni, muziki ametunga Naushad, ameimba Rafi, wote watatu Waislamu. Babu anajua. Anajua tangu kabla hujazaliwa. Lakini hajawahi kuambiwa na dereva kwenye ukingo wa Ngorongoro, na kwa namna mambo yalivyo kwao siku hizi, huenda ana muda hajaambiwa hata nyumbani. Atakushika bega. Mwache alishike. Hapa sitakudanganya: nawe utajisikia vibaya kidogo kwa kuwa umelisema kwa ajili ya tipu. Hisia hiyo inaisha ukianza kuteremka Seneto, kwa sababu barabara ile haina nafasi ya mawazo mawili.

4. Sikiliza kwa macho

Muziki ukianza kupigwa garini usiangalie redio. Angalia mkono wa kulia wa babu. Uko gotini, unapiga taratibu. Sauti itapanda, itazunguka huko juu, halafu itarudi pale ilipoanzia, na mkono utaanguka gotini kwa nguvu. Hapo ndipo unapotikisa kichwa na kutoa "vah!" ndogo ya puani. Usimtangulie hata siku moja. Anayechelewa kidogo huonekana ameguswa. Anayewahi huonekana dereva.

Macho yakikataa kulowa, fungua dirisha. Vumbi la kreta mwezi wa tisa halijawahi kumwangusha mtu.

5. Mitego

Utashawishika kujitia na sinema ya zamani. Jitie: sema marehemu babu yako alikuwa akishuka Arusha kuangalia filamu ya Awara pale sinema ya Metropole, kwa maana kila mzee wa nchi hii aliyewahi kuwa na nauli aliona Awara, au alidai ameiona. Lakini kaa macho. Wimbo wenye jina la filamu hiyo hakuuimba Rafi. Aliuimba Mukesh, sauti ya stelingi Raj Kapoor, aliyekufa Detroit mwaka 1976 akiwa kwenye ziara ya maonyesho. Ukimpa Rafi wimbo wa Mukesh, babu hatasema kitu. Atageukia dirisha aanze kupenda nyumbu, na umempoteza.

Ukiulizwa Rafi aliimba nyimbo ngapi, kimbia. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimwandika Lata mwaka 1974 kuwa na nyimbo zisizopungua 25,000, Rafi akapinga, na takwimu ile ikaja kuondolewa. Sema: "Ankal-ji, nani wa kuzihesabu?" Atafurahi kuliko kama ungetaja namba.

Mtego mkubwa uko kiti cha nyuma. Babu ni wa Rafi, lakini bibi ni wa Lata, na hao wawili waliwahi kununiana. Miaka ya 1960 Lata alitaka waimbaji walipwe sehemu ya mapato kila wimbo unapoendelea kuuzwa. Rafi akashikilia kwamba mwimbaji akishalipwa ujira wake, biashara imekwisha. Wakakaa miaka bila kuimba pamoja. Mjadala huu ukiendelea mpaka kwenye bwawa la viboko la Ngoitokitok, zingatia kazi unayoifanya. Ukiunga mkono Rafi, umetangaza mbele ya mlipaji kwamba mtu akishapata mshahara wa kampuni hadai nyongeza. Ukiunga mkono Lata, umeomba tipu hadharani na umemwaibisha babu. Nyamaza. Waonye kuhusu mwewe, ambao pale hawana mzaha na chakula cha mtu. Sambusa moja ikinyakuliwa mkononi mwa mjukuu, Lata na Rafi watapatana papo hapo.

6. Ukiombwa kuimba

Utaombwa, na itakuwa jioni, kwenye barabara ya kupanda ya Lerai, wote wamechoka na kupendana. Kohoa. Taja vumbi. Wakishikilia, ongeza sauti ya redio, fumbua mdomo, na acha koo la marehemu lifanye kazi iliyolipiwa tangu zamani. Wajukuu watarekodi. Kesho yake utakuwa umeonekana Ahmedabad, na shangazi zao watauliza yule kijana wa Kiiraqw amejifunza wapi.

7. Wageni wa keshokutwa

Usijisahau ukaanza kuamini machozi yako. Tangu Kishore aimbe katika filamu ya Aradhana ya 1969, upande mzima wa India ulihamia kwa Kishore, na keshokutwa unaweza kupewa familia ya Kolkata, ambako Kishore Da ni mtoto wao wa Kibengali na Rafi Sahab ni mgeni anayeheshimiwa. Yote niliyokufundisha yatageuka: saluni haina maana, mvua ya Bombay haina maana, na Ragini ya 1958 usiitaje kabisa. Kwa hiyo flashi yako iwe na mafaili mawili, na usiguse redio mpaka wamekwambia wametoka mji gani.