Kunawa Bila Maji

Sheria ya 12 ya soka inamkataza mchezaji kuunawa mpira, yaani kuugusa kwa mkono uliotanua mwili wake isivyo kawaida. Hiyo kawaida anaipima refa, na sote tunawajua marefa.

Dortmund, 29 Juni 2024, Kombe la Ulaya. Mpira unampitia Joachim Andersen wa Denmark mkononi, mguso mdogo kiasi kwamba ilibidi kifaa kilichofichwa ndani ya mpira kitoe ushahidi. Penalti! Kai Havertz akaifungia Ujerumani bao. Wajerumani siku hiyo waliisifu sana teknolojia.

Siku sita baadaye, Stuttgart, shuti la Jamal Musiala wa Ujerumani likagonga mkono wa Marc Cucurella wa Hispania, waziwazi, hata mtazamaji wa kibanda umiza chenye skrini iliyopasuka aliona. Refa Anthony Taylor akaona mchezo uendelee. Waamuzi wa video (VAR) nao kimya. Ujerumani wakalala 2-1 katika muda wa nyongeza. Na aliyetoa ile penalti ya Dortmund, Michael Oliver, ni Mwingereza kama Taylor. Kitabu wanachosoma ni kimoja, labda kurasa ndizo tofauti.

Mabeki wameshaelewa somo: siku hizi wanakaba mikono ikiwa mgongoni, kama watuhumiwa waliotiwa pingu kabla ya kosa.

Septemba ya mwaka huohuo ikaripotiwa kwamba kamati ya waamuzi ya UEFA imekiri: Cucurella aliunawa mpira, ilistahili penalti. Hispania walikuwa wameshabeba kombe tangu Julai.