Samahani Yenye Garantii ya Siku 63

Kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, Tokyo.

Waheshimiwa,

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi. Toyota yangu ilifika bandarini ikiwa imeshachoka, na hadi leo inapanda mlima na abiria wengi kuliko viti. Ndiyo maana sielewi: mafundi wa namna hii, samahani zenu za vita mbona zinazima kabla hazijatoka uani?

Ile ya Waziri Mkuu Murayama ya 15 Agosti 1995 ilikuwa safi. Alitaja uvamizi, akataja ukoloni, hakumung'unya maneno. Tarehe hiyohiyo mwaka 2005 Waziri Mkuu Koizumi akairudia. Kisha 17 Oktoba akaenda kuinamisha kichwa Yasukuni, hekalu ambamo wakubwa 14 walioshtakiwa mbele ya Mahakama ya Tokyo kwa kupanga vita waliingizwa kimyakimya mwaka 1978 wapate kuenziwa pamoja na mizimu ya askari. Nimehesabu: siku 63. Betri ya mtumba hudumu zaidi. Beijing ikafuta ziara ya waziri wenu wa mambo ya nje, nanyi mkauliza jirani ana kinyongo gani.

Nasikia mmechoka kuombwa. Mwaka 2015 Waziri Mkuu Abe alisema wajukuu wasibebeshwe mzigo wa kuomba radhi milele. Haya. Desemba mkaahidi yen bilioni 1 kwa ajili ya wanawake wa Korea waliotiwa kwenye madanguro ya jeshi lenu, ila kwa makubaliano kwamba shauri limekwisha na halifufuliwi. (Huku kwetu mtoa rambirambi hampangii mfiwa siku ya kunyamaza, lakini labda sisi ni washamba.) Januari 2017 mkamwita balozi nyumbani kwa sababu ya sanamu ya msichana, ukumbusho wa wanawake hao, huko Busan, Korea. Msichana mwenyewe hasemi kitu. Amekaa tu.

Naomba basi samahani ijayo ikaguliwe kama mnavyoyakagua magari kabla ya kupakiwa melini. Aanze kupimwa ulimi waziri atakayezungumza kesho yake. Vifuatie vitabu vya historia vya shule, maana vile mlivyoidhinisha Aprili 2005 viliwaingiza Wachina barabarani kuandamana. Gia ya kurudi nyuma ing'olewe kabisa.

Na kama balozi ana nafasi: pale Seoul, tangu 2011, mkabala na kiwanja cha ubalozi wenu, ameketi msichana mwingine wa shaba. Kiti cha pembeni yake ni kitupu. Balozi atafika kwa miguu, hahitaji hata gari.

Wenu mtiifu,
Mwenye Toyota kuukuu