Gololi Kumi na Moja

Leo ni siku ya nne na goti bado linauma, lakini goti si kitu. Kinachoniuma ni kwamba niliyemwangusha kwenye dimbwi ni mama mkwe wangu.

Nijitetee kabla sijahukumiwa. Masika ilikuwa imeipiga Tanga usiku kucha, bajaji zimepotea, bodaboda wanataja nauli ya kwenda Muheza, na mama alikuwa anawahi shughuli ya harusi Ngamiani. Nikasema, "Mama, tusubiri kidogo mvua itulie." Akasema, "Baba Salma, hiyo keria umeiweka ya urembo?" Na mkwe habishiwi. Alikaa upande, baibui kalikusanya, hotipoti ya visheti mapajani. Nikaanza kukanyaga shingo ikiwa imekakamaa, maana mkwe kukushika kiuno ni jambo ambalo mila zetu hazikuliwekea utaratibu.

Baiskeli ilianza kulia tangu Chumbageni. Haikuwa kelele ya mnyororo, ile naijua. Hii ilitoka chini kabisa, pale krenki zinapoingia kwenye fremu: kwii, kwii, kila nikikanyaga mguu wa kushoto.

"Baba Salma, tumemkanyaga paka?"

"Hapana mama, ni baiskeli."

"Basi inaumwa."

Ilikuwa inaumwa tangu Februari, na dawa pekee niliyoipa ni kukanyaga kwa nguvu zaidi ili nifike kabla haijafa.

Ikafia mbele ya kijiwe cha bodaboda. Kikombe cha kushoto, kile kinachozishikilia gololi zinazobeba ekseli ya kati, kilikuwa kimelegea nati yake ya bapa, kikawa kinajifungua taratibu njia nzima. Ukingoni mwa dimbwi kikamaliza nyuzi. Krenki ikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita, mnyororo ukachomoka, mguu wangu ukabaki hewani ukiitafuta pedeli. Sasa, mtu akianguka kwa kasi watu humpa pole. Sisi tulianguka polepole. Tuliegemea upande kama mnazi unaotaka kwanza kulifikiria jambo, na kijana mmoja alipata muda wa kuiweka kahawa yake chini, kusimama, na kutangaza, "Wanakwenda hao!" Mama hakupiga hata ukelele. Aliinua hotipoti juu ya kichwa, akaketi ndani ya maji nayo ikiwa juu vilevile, na visheti vikasalimika. Alisema neno moja tu: "Shughuli inaanza saa nne."

Wakati huo gololi zangu zilikuwa zimemwagika barabarani, na watoto wa mtaa mzima wamekwisha kufika. Anayejua Kiswahili ataielewa hasara yangu: kinachobeba ekseli na kinachochezewa kwenye kishimo vina jina moja. Upande mmoja wa ekseli ile hukaa gololi kumi na moja, kila moja robo inchi. Kwangu ni vipuri, kwao ni sikukuu. Walinirudishia saba, kwa huruma.

Mama alimalizia safari kwa bodaboda, kwa nauli ileile ya Muheza. Mimi nilisukuma mpaka kwa fundi, mzee mmoja anayekaa chini ya mwarobaini. Hakuniuliza kitu. Alichomoa bomba la siti, akaigeuza baiskeli miguu juu, na maji yakatoka, mengi, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

Hapo ndipo nilipoacha kulala. Miaka yote nimeinua miguu kwenye madimbwi nikidhani adui anatoka chini. Kumbe anatoka juu! Mvua inapenya pale bomba la siti linapoingia kwenye fremu, inateremka ndani ya fremu kimya kimya, na nyumba ya ekseli ndiyo sehemu ya chini kuliko zote. Inakuwa kisima. Grisi inageuka uji, uji unageuka kutu, kutu inazitafuna gololi. Na kuna ujanja mwingine ulionistaajabisha zaidi. Baiskeli ikikaa juani, chuma kinapata moto na hewa iliyo ndani inatanuka na kutoka. Mvua ikikipiga ghafla, hewa inasinyaa, na chochote kilicho mlangoni kinavutwa ndani, tone kwa tone. Yaani ekseli haivujiwi tu na maji. Inayanywa!

Dawa ya kisima hiki ni tundu. Moja, dogo, chini ya ile nyumba, maji yapate pa kutokea. Baadhi ya fremu huja nalo, yangu haina. Waliotengeneza fremu yangu wametoboa matundu mawili ya kufungia chupa, ili mimi ninywe maji. La kuyatoa yale inayoyanywa baiskeli wakaona ni gharama. Nikiangalia barabara tuliyoangukia, yenye lami nyeusi nzuri na mtaro usioelekea popote, nahisi waliosoma darasa moja na hao ni wengi. Wanajua kuingiza, kutoa si kazi yao. Kisha anayeketi majini ni mama wa watu mwenye baibui jipya, na anayechekwa ni mimi.

Fundi alinipa njia mbili. Nirudishe vikombe na gololi, nijaze grisi nzito ile wanayopaka mafundi wa boti, na nimletee afungue kila masika ikiisha. Jirani yangu ana Phoenix inayoishi hivyo na itanizika. Au nitie ile ya kisasa, ekseli na beringi zake ndani ya mkebe mmoja uliofungwa kwa midomo ya mpira. Mpira ukibana sana, maji hayaingii lakini miguu inalipa; ukibana kidogo, unateleza raha mpaka mvua ya kwanza. Uzuri wa mkebe ni kwamba beringi zinakaa ndani kabisa ya fremu. Mitindo ya bei kubwa siku hizi huzitoa nje, zikae pembeni kama walinzi wasio na mwavuli. Ubaya wake ni kwamba ukifa umekufa, hakuna fundi wa kuufungua, ni kuutupa. Tena wenzetu wenye pesa wamepita njia ndefu zaidi: mwaka 2000 kampuni ya baiskeli ya Cannondale ilileta BB30, beringi zinasukumwa ndani ya fremu bila nyuzi, na mtindo huo wa kusukuma ukaja kusifika kwa kulia kwii kama yangu. Mwaka 2015 ukaja T47, na habari yake kubwa ilikuwa nini? Nyuzi zimerudi. Mzee wa mwarobaini hakuwahi kuziacha.

Nilichagua mkebe. Masharti: upana milimita 68, nyuzi za Kiingereza, na vikombe vya chuma pande zote, kwa sababu ule wa bei poa huwa na kimoja cha plastiki kinachopasuka siku ya kukazwa.

Kikombe cha kulia nilitaka kukitoa mwenyewe, nikaning'inia kwenye spana yenye bomba nusu saa kabla ya kuambiwa kwamba nyuzi zake ni za kinyume na nilikuwa nakikaza. Nilirudi dukani mara mbili kwa ajili ya urefu wa ekseli. Nikampigia mke wangu simu nikiiita ekseli ya kati kwa jina wanalolitumia vijana wa duka la vipuri, wanaosoma herufi BB kwa Kiingereza: "Bibi imekufa, natafuta nyingine." Alikuwa harusini, mama yake amekaa kando yake na khanga ya kuazima, akapiga yowe kwanza na kuichunguza ngeli baadaye.

Tundu nimelitoboa. Shingo ya bomba la siti nimeizungushia kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Kwii imekwisha, na mama amepata habari. Ametuma salamu kwamba kurudi kwao atapanda basi.

Gololi nne hazijarudi. Jana nilimwona mtoto mmoja akilenga kishimo kwa moja yao, inang'aa kuliko ilivyowahi kung'aa kwangu. Anaifuta kwa shati kila akiitupa.